Kwa nini aina moja hushinda mfululizo: kuupima mkono wa poka

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo? Tumeshakubaliana kwamba leo hapa Shangani hakuna hela mezani. Bakuli la korosho ghafi ndiyo benki yetu. Kila mtu achukue 20, na asitafune mtaji.

Watu wa pwani huja kwenye poka na uzoefu, na uzoefu huohuo ndio unaowaponza. Aliyekulia kwenye mchezo wa turufu, ule wa kutafuta alama 61, anajua ree (A) ni 11, saba ni 10, mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2. Akiokota saba, moyo unamdunda. Kwenye poka saba ni saba tu: inaizidi sita, inazidiwa na nane. Q, yule mzungu wa pili, hapa anampita J. Ree peke yake ndiyo imebaki na cheo chake. Tena turufu, ile aina inayokula nyingine zote, hakuna. Shupaza haiili kopa, wala uru haiili pau. Mwenye turufu yake kichwani aiache mlangoni na viatu.

Mkono ni karata 5. Kutoka pakiti ya karata 52, bila jokeri, mikono inayoweza kutoka ni 2,598,960. Cheo cha mkono kinafuata uhaba wake. Ukilishika hilo, hata ukisahau orodha utaikokotoa upya.

Chukueni mabishano ya kila siku: mfululizo (karata 5 zinazofuatana) na aina moja (karata 5 zote kopa, au zote pau), upi mkubwa? Tuhesabu. Mfululizo unaanzia ree-2-3-4-5 hadi 10-J-Q-K-ree, yaani njia 10. Kila karata kati ya zile 5 inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya 4, kwa hiyo 4 mara 4 mara 4 mara 4 mara 4, ni 1,024. Zidisha kwa 10: 10,240. Sasa aina moja. Kopa ziko 13. Kuchagua 5 humo kuna njia 1,287. Aina ziko 4, jumla 5,148. Katika kila hesabu toa mikono 40 iliyo mfululizo na aina moja kwa pamoja, maana hiyo ina cheo chake cha juu kabisa. Unabaki na 10,200 kwa 5,108. Aina moja ni adimu karibu mara mbili, ndiyo maana inashinda.

Juu ya aina moja kuna fulu hausi, karata tatu sawa na jozi: 3,744. Juu yake nne sawa: 624. Kileleni mfululizo wa aina moja: 40, na ndani yake ule wa kifalme, 10 hadi ree, ni 4 tu. Ukishuka chini ya mfululizo unakuta tatu sawa, 54,912. Jozi mbili, 123,552. Jozi moja, 1,098,240. Mikono mitupu, isiyo na lolote kati ya hayo, ni 1,302,540, zaidi kidogo ya nusu ya yote. Kwa hiyo msinune mkikosa.

Ree inakaa juu ya K au chini ya 2, lakini haizunguki: Q-K-ree-2-3 ni mkono mtupu. Na ree-2-3-4-5 kubwa yake ni 5, hivyo ndio mfululizo mdogo kuliko yote. Fulu hausi mbili zikikutana, pimeni tatu kwanza: 6-6-6-2-2 inaila 5-5-5-K-K. Kwa aina moja, angalieni karata kubwa, kisha inayofuata, hadi mtofautiane. Mkilingana zote 5, gawaneni korosho.

Kwenye Texas Hold'em, mtindo mmoja wa poka, una 2 mkononi na 5 ziko wazi mezani. Unatengeneza 5 bora. Hapo ndipo ugomvi unapozuka. Mezani kuna K ya kopa, K ya pau, 8 ya shupaza, 8 ya uru, J ya kopa. Mmoja ameshika 5 mbili, mwenzake ree na 2. Wa kwanza anashangilia jozi tatu. Jozi tatu ni karata 6! Anabaki na K-K-8-8, na ya tano inakuwa J ya mezani, kwa sababu J inaizidi 5. Mwenzake ana K-K-8-8-ree. Ree hiyo ya pembeni inazoa bakuli, na zile 5 mbili hazikuhesabiwa hata moja.

Haya, kaeni wannewanne. Toeni jokeri, changanyeni, gaweni 5 kwa kila mtu, mzifunue zote. Pangeni mikono minne kutoka mkubwa hadi mdogo kabla hamjaniita.