Hatua kwa Hatua: Kupima Kama Ada ya Klabu ya Karavani Inakulipa

Ndugu watazamaji, karibuni tena ndani ya karavani yetu, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, ambayo leo imeegeshwa katika shamba moja la kondoo huko Norfolk, mashariki mwa England. Mvua mnayoisikia ikipiga paa ndiyo iliyoahirisha kazi ya kupaka nta niliyowaahidi, kwa hiyo leo tutakaa mezani na kupiga hesabu. Waswahili wenzangu wa Uingereza waliokwisha kununua karavani iliyotumika huniuliza swali moja kuliko yote, kama ada ya mwaka ya klabu inarudi mfukoni au inapotea bure, nami nitawaonyesha jinsi ya kulijibu kwa namba zenu wenyewe.

Mtakachohitaji ni kalamu, simu yenye intaneti na daftari. Hili ninaloshika ni daftari la safari ninalolichapisha na kuliuza mwenyewe, kwa hiyo mjue kwamba nina maslahi nalo, ingawa nyuma ya bahasha ya barua ya benki pia panatosha.

Klabu kubwa za Uingereza ni mbili. Caravan and Motorhome Club ilianzishwa mwaka 1907 na ilijulikana kama The Caravan Club hadi mwaka 2017, ilipobadilisha jina ili wenye magari ya kulala nao wajione wamo. Camping and Caravanning Club ilitangulia, kwani ilianza mwaka 1901 kama chama cha watu waliopiga kambi kwa baiskeli. Zote mbili zina kambi kubwa zenye mabafu na umeme, na zote mbili zina kambi ndogo za mashambani, ambazo nitazirudia kwa kirefu kwa sababu ndizo kiini cha jambo lenyewe.

Hatua ya kwanza ni kuandika idadi ya usiku mliolala ndani ya karavani mwaka uliopita. Andikeni mlizolala kweli, wala si mlizopanga, kwa sababu mwezi Januari kila mwenye karavani hujiona atazunguka Uskoti nzima. Sisi tulilala usiku 19.

Hatua ya pili ni kuzigawa katika mafungu matatu: kambi kubwa za klabu, kambi ndogo za shamba, na mahali pengine popote, pamoja na uani kwa shemeji kule Leicester. Sisi tulipata 6, 9 na 4. Hili halina ugumu, tuendelee.

Hatua ya tatu ndiyo niliyoiharibu mwaka wangu wa kwanza, na ninaomba msiruke hata sentensi moja. Kambi nyingi kubwa za klabu hupokea pia wasio wanachama, ila hao hutozwa zaidi kwa kila usiku. Nyongeza hiyo mimi huiita hongo, si kwa maana ya leo ya kumpa mtu chochote chini ya meza, bali kwa maana ya zamani, pale misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipolazimika kumlipa kila mtemi ambaye ilipita katika nchi yake. Kazi yetu ni kujua hongo hiyo ni kiasi gani, kwa kulinganisha bei ya mwanachama na ya asiye mwanachama katika kambi moja. Mwaka ule nilichukua bei ya asiye mwanachama kwa Ijumaa ya mwezi Agosti, shule zikiwa zimefungwa, nikailinganisha na bei ya mwanachama kwa Jumanne ya mwezi Oktoba, nikaona tofauti kubwa ajabu, nikajiunga na klabu zote mbili jioni ileile, kisha tukalala nje usiku 3 tu mwaka mzima. Basi shikeni haya maneno: tarehe ileile, watu walewale, nafasi ya kuegesha ya aina ileile.

Sasa ninafungua simu mbele yenu. Ninachagua kambi ya Abbey Wood iliyoko kusini-mashariki mwa London, ambayo ninaipenda kwa sababu tangu mwaka 2022 treni ya Elizabeth inaanzia karibu nayo na kukufikisha katikati ya jiji bila kuingiza karavani katika foleni. Ninachagua Ijumaa, nafasi ya changarawe yenye umeme. Bei ya mwanachama ni hii hapa. Sitaitamka, kwa maana mtakapoitazama video hii itakuwa imekwisha kubadilika. Sasa ninafungua ukurasa wa pili kama asiye mwanachama, Ijumaa hiyohiyo, nafasi hiyohiyo, na bei ni... Hapana, haiwezekani. Bei ya asiye mwanachama imekuwa ndogo kuliko ya mwanachama.

Subirini kidogo. Mama Salma ananiambia kutoka kule kwenye jiko kwamba nimesahau watoto. Ni kweli: ukurasa wa kwanza niliandika watu wazima 2 na watoto 2, na huu wa pili umebaki na watu wazima 2 peke yao. Ningeweza kukata kipande hiki cha video, lakini ninakiacha ili muone kwamba hata mtu aliyewahi kuungua anaweza kurudisha kidole motoni. Watu walewale! Haya, ninaongeza watoto, na sasa bei zimekaa sawasawa.

Tuandike namba za mfano, na ninasisitiza kwamba ni za mfano tu, kila mmoja ataweka zake. Tuseme ada ya mwaka ni pauni 60, bei ya mwanachama kwa usiku ni pauni 34 na ya asiye mwanachama ni pauni 46. Hongo basi ni pauni 12, na ukigawa 60 kwa 12 unapata usiku 5. Watu wengi huishia hapo, wakatangaza kwamba ukilala usiku 5 ada imerudi, na mauzo yote ya uanachama hupenda uishie hapohapo.

Mimi siishii hapo. Jiulizeni: kama nisingekuwa mwanachama, je, ningelipa pauni 46 kweli? Huenda ningekwenda kambi ya mtu binafsi iliyo maili 3 kutoka pale, yenye bafu safi na bei ya pauni 38. Ikiwa ndivyo, uanachama haukuniokolea pauni 12, umeniokolea pauni 4, na 60 ukizigawa kwa 4 unapata usiku 15. Kutoka usiku 5 hadi usiku 15, kwa kubadilisha swali moja tu. Linganisheni siku zote na mahali ambapo mngelala kwa kweli, kwa tarehe ileile, watu walewale na nafasi ya aina ileile, hata kama mmechoka kunisikia.

Samahani, simu imeanguka. Ninaiegemeza kwenye birika la chai, na birika lilikuwa linachemka. Ninaihamishia kwenye mfuko wa unga.

Hatua ya nne ni kambi ndogo za mashambani, kama hii tuliyopo. Ngoja niwaonyeshe kupitia dirishani: kuna bomba la maji pale kwenye ua, shimo la kumwagia choo cha kubebeka nyuma ya ghala, pipa la taka, na karavani nyingine mbili tu. Hapa hakuna bafu, bwawa la kuogelea wala baa. Klabu ya mwaka 1907 huziita CL (Certificated Location), nayo ile ya mwaka 1901 huziita CS (Certificated Site), na kwa pamoja ni maelfu nchini kote.

Sababu ya kambi hizi kuwepo ni sheria ya mwaka 1960 ya kudhibiti maeneo ya karavani, ambayo inamtaka mwenye ardhi awe na leseni kabla ya kupokea karavani za watu, lakini ikaweka msamaha kwa vyama vya mapumziko vinavyotambuliwa. Chama cha namna hiyo kinaweza kuidhinisha shamba lipokee karavani zisizozidi 5 kwa wakati mmoja, kwa sharti kwamba zitumiwe na wanachama wa chama hicho. Mkulima hapiti katika mlolongo wa leseni, nawe unapata utulivu wa karavani 5. Ndiyo maana mkulima anayekuuliza namba ya kadi yako hafanyi hivyo kwa kiburi: akimpokea asiye mwanachama anatoka nje ya kivuli cha ule msamaha. Hapa hata hongo haipo, kwani hakuna bei ya asiye mwanachama ya kulipa. Mlango umefungwa, na ada ndiyo ufunguo.

Hesabu yake kwa hiyo ni tofauti. Tuseme shamba lenye umeme linatoza pauni 23, na ile kambi ya binafsi yenye bafu ni pauni 38, tofauti ni pauni 15, na usiku 4 zinatosha kurudisha ada ya mfano. Lakini muwe wakweli kuhusu bafu. Ikiwa familia yenu haiwezi kuoga ndani ya karavani kwa maji ya ndoo mbili, na kila asubuhi mnaendesha gari hadi bwawa la mji kulipia kuoga, itoeni gharama hiyo. Mjomba wangu wa Tanga alipoona picha ya bafu letu aliuliza kwa upole kama tumefukuzwa nyumbani.

Na hapa kuna mtego wa pili, mdogo kuliko ule wa tarehe lakini wa aina yake. Kati ya usiku wetu 9 za mashambani, 3 zisingekuwapo kabisa kama tusingekuwa na uanachama, maana tulikwenda kwa sababu tu shamba lilikuwa rahisi na karibu. Usiku wa namna hiyo haukuokoa kitu; umetumia pauni 23 na mafuta, ingawa watoto walimnywesha mwanakondoo maziwa na mimi sijutii. Ninahesabu 6 tu. Mara 15, ni pauni 90. Usiku 6 za kambi kubwa mara 4, ni pauni 24. Jumla ni 114, toeni ada 60, zinabaki pauni 54. Kwa namba za mfano, sisi tumelipwa, na waliotulipa ni wakulima, si zile kambi kubwa zinazopamba kurasa za matangazo.

Hayo mengine nitayapitia haraka. Bima: klabu zote mbili huuza, lakini msiandike punguzo lolote mpaka mmepata bei yao na bei za wengine wawili kwa karavani ileile. Mafunzo ya kukokota: tangu Desemba 16, 2021 mwenye leseni ya kawaida ya gari nchini Uingereza bara anaruhusiwa kukokota tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, kwa hiyo wengi wetu hatukuwahi kufundishwa kurudi nyuma na karavani. Klabu hutoa mafunzo hayo, nami nilipaswa kwenda kabla ya kuvunja taa ya jirani. Jarida la klabu ni zuri, lakini msilihesabie thamani ya fedha kama mnalisoma chooni tu.

Je, kujiunga na zote mbili? Mwaka wa kwanza, hapana. Hapahapa Norfolk, katika shamba la kifalme la Sandringham, kila klabu ina kambi yake, na watoto wangu hawakuona tofauti ya miti. Fungueni ramani ya kila klabu, zungusheni duara la saa mbili kutoka mnapoishi, mhesabu kambi ndogo zilizo ndani ya duara, kisha chagueni iliyo na nyingi zaidi. Mkumbuke pia kwamba klabu hizi mbili si vyama pekee vyenye cheti cha msamaha, ambacho kwa England hutolewa na Natural England. Vipo vidogo vingine, na kwa mtu anayependa mashamba peke yake vinastahili kutazamwa kabla ya kutoa kadi ya benki.

Hatua ya mwisho ifanyike siku ileile mnayojiunga. Mkilipa kwa makato ya benki, ada ya mwaka wa pili itachukuliwa bila mtu kuwagongea mlango. Kwa sababu hiyo andikeni katika kalenda ya simu tarehe ya wiki sita kabla ya makato, na siku hiyo mfungue daftari na kurudia hesabu hii yote kwa namba mpya. Mimi nililipia klabu ya pili miaka miwili zaidi kwa kutoandika mstari huo mmoja. Iandikeni sasa, kabla hamjafunga video. Ninawasubiri.

Mvua imekatika, na mwenye shamba anapita na trekta yake, kwa hiyo ninaizima kamera nikamwage choo kabla jirani hajanitangulia kwenye shimo.