Hongo Kabla Haijawa Rushwa

NEEMA: Mbukwenyi wasikilizaji, karibuni tena. Leo mgeni wetu ni mwenzangu huyu huyu, maana kumbe siku za wiki anajifunga shuka na kujifanya mtemi.

YOHANA: (anacheka) Kazi ni kazi, dada. Nawafundisha wanafunzi historia kwa kuigiza, kwenye tembe la Kigogo tulilolijenga upya. Paa bapa la udongo, ukijisahau boriti inakukumbusha.

NEEMA: Na wanafunzi wanakuwa nani?

YOHANA: Wapagazi wa msafara wa karne ya 19, wametoka Bagamoyo. Wamevuka Marenga Mkali, nyika haina tone la maji, koo zimewakauka. Visima ni vyangu. Nawaambia: leteni hongo. Darasa zima linaangua kicheko! Juzi kabinti ka darasa la 6 kakanyoosha kidole: "Mtemi, tukuitie TAKUKURU?"

NEEMA: Hapo mie niko upande wa binti.

YOHANA: Ndipo somo linapoanza sasa. Hongo ile haikuwa ya chini ya meza. Ilikuwa ushuru: unapita nchini kwangu, unakunywa maji yangu, unalipa mchana kweupe. Neno limebaki, maana ndiyo imechafuka.

NEEMA: Walilipa pesa gani?

YOHANA: Nguo na shanga. Kulikuwa na kaniki, na merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Jina lenyewe linakwambia kilikotoka. Kinapimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ni shuka, 8 ni doti. Sasa, mkono wa nani? Wapagazi wangu wanamtoa mfupi kuliko wote apime. Mimi namwita mlinzi wetu, jamaa ana mikono mirefu kama miche ya kutwangia. Hapo ubishi wake, mwalimu wao mwenyewe anaingilia!

NEEMA: Na kule Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, unaigiza pia?

YOHANA: Kule hapana. Kwenye pango la Mongomi wa Kolo watu bado wanakwenda kutambika, wanaomba mvua, wanaombea wagonjwa. Nimwigize nani, na mwenyewe yupo nyumba ya tatu? Michoro iliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na mila hizo hai zilikuwa sehemu ya sababu. Nikiwa kule nawaongoza wageni tu, na kuwakataza kumwagia michoro maji ili wekundu ukolee kwenye picha zao za simu.

NEEMA: Hujawahi kuumbuka?

YOHANA: Wee! Siku moja nasaga uwele kwenye jiwe, najieleza kwa maringo, kumbe kuna bibi kamsindikiza mjukuu. Akanitazama weee, kisha: "Baba, hapo unasaga au unafua?" Akapiga magoti, akalilalia jiwe kwa mabega, unga ukaanza kushuka laini kwenye ungo.

NEEMA: Wanafunzi je?

YOHANA: Walinihama wote. Mtemi nikabaki na mlinzi.