Gerald Reece na Miaka Yake Kaskazini mwa Kenya

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Jioni hii tumzungumzie Gerald Reece, Mwingereza aliyeanza kazi ya serikali ya kikoloni hapa Kenya mwaka 1925, na sehemu kubwa ya utumishi wake ikapita kaskazini. Tangu 1939 hadi alipohamishwa 1948, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa NFD (Northern Frontier District), yaani eneo la mpaka wa kaskazini. Makao yake yalikuwa Isiolo, na Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Garissa zote zikamtegemea yeye.

Aliipenda nchi ile, hilo sibishani nalo. Ila alichokipenda alikiweka nyuma ya mlango uliofungwa. Sheria ya 1902 ilikuwa imeshaipa serikali uwezo wa kuzifunga wilaya za mbali, asiye mwenyeji asiingie bila kibali. Sheria ya 1934 ikakaza zaidi.

Sasa mtazameni mfugaji wa Wajir kiangazi kikali. Visima vya kwao vimezidiwa, lakini malisho yamegawanywa kwa kabila na mpaka umewekwa. Akiuvuka, anakutana na dubas, wale askari wenyeji wenye vilemba vyekundu. Ngamia wanakamatwa. Kesi inakwenda kwa DC, mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mtawala na ndiye hakimu. Faini inalipwa kwa mifugo, na mara nyingine ukoo mzima unalipia kosa la mmoja.

Tumtendee haki Reece: ugomvi wa maji ulikuwa unaua watu kweli, na mwaka 1940 Waitaliano waliiteka Moyale, kwa hiyo hofu ya mpakani haikuwa ya kubuni. Lakini amani ile ilisimamiwa bila kujenga. Shule za serikali karibu hazikuwapo kabisa, na hilo mimi linaniuma hadi leo.

Mwaka 1948 akaenda kuwa gavana wa Somaliland ya Waingereza, hadi 1954. Mfumo ukabaki. Tume ya 1962, iliyokusanya maoni ya wakazi, ilikuta wengi wa NFD wanataka kujiunga na Somalia. Uhuru ukaja Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ikatangazwa kaskazini. Kanuni zake maalumu zilidumu hadi 1991.

Wanafunzi mlioko hapa, ripoti ambazo maofisa wa NFD waliachiana wakati wa makabidhiano zipo Nyaraka za Taifa, Nairobi. Nendeni mkazisome wenyewe, kisha mwende Wajir na Marsabit mkawaulize wazee.