Ioan Gruffudd na Lugha Iliyompa Kazi

Mabibi na mabwana, kwanza tulitamke jina lake sawasawa, maana hapo ndipo habari inapoanzia. Mwigizaji huyu wa Welisi (Wales), jina lake linaandikwa Ioan Gruffudd, linatamkwa kama "Yoan Grifidh". Zile D mbili za mwisho ni dh ya dhahabu. Anayelisoma kwa mazoea ya Kiingereza hupotea hapo. Sisi sauti hiyo tunayo vinywani tangu utotoni.

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1973, kusini mwa Welisi, baba na mama wote walimu. Nyumbani ni Kiwelisi, darasani Kiwelisi, mpaka sekondari ya Glantaf mjini Cardiff. Kiingereza hakikuhitaji kutafutwa. Kilikuwa kila upande.

Mwaka 1987, akiwa mvulana wa miaka 13, aliingia kwenye tamthilia ya Kiwelisi iitwayo Pobol y Cwm, yaani Watu wa Bondeni. Alidumu humo miaka 7. Kukariri maneno, kusimama penye alama, kusikiliza mwenzake huku kamera ikimwangalia: ufundi huo aliupata kwa lugha ya kwao, tena kwa malipo.

Nawaomba tutulie hapa kidogo. Kazi hiyo ilitoka wapi? Tamthilia ilianza BBC mwaka 1974, lakini makao yake halisi yakaja kuwa S4C, kituo cha televisheni cha Kiwelisi kilichoanza kurusha matangazo tarehe 1 Novemba 1982. Na kituo hicho hakikutolewa kwa hisani. Serikali kule London iliahidi, kisha ikaivunja ahadi yake. Mwaka 1980 mzee Gwynfor Evans, kiongozi wa Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Welisi, akatangaza kwamba atagoma kula mpaka afe. Kabla hajaanza mgomo wake, serikali ikalegea. Mzee aliweka uhai wake rehani ili watu wake waone televisheni kwa lugha yao! Miaka 7 baadaye, yule mvulana akaajiriwa. Mimi nikisimulia maisha ya mwigizaji huyu siwezi kumwacha nje mzee yule.

Yaliyofuata wengi wenu mnayajua. Alikwenda London kusomea uigizaji katika chuo cha RADA. Mwaka 1997 alionekana kwenye filamu ya Titanic kama Harold Lowe, ofisa wa meli hiyo na Mwelisi mwenzake, aliyerudisha mashua kutafuta waliokuwa bado hai majini. Kuanzia 1998 akawa ofisa kijana wa jeshi la majini kwenye mfululizo wa Hornblower wa kituo cha televisheni cha ITV, filamu 8 hadi mwaka 2003.

Lakini mimi hupenda zaidi kuitaja Solomon and Gaenor ya mwaka 1999, ambamo ni kijana Myahudi anayempenda binti wa bonde la makaa ya mawe. Filamu hiyo ilipigwa mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiwelisi, waigizaji wakilirudia tukio lilelile kwa lugha ya pili. Ile ya Kiwelisi ndiyo iliyoteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, kwa niaba ya Uingereza.