Kutoka Rufani ya Arizona hadi Washington: safari ya Jaji Sandra Day O'Connor

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, nanyi wanafunzi mliosimama huko nyuma, asanteni.

Niliombwa nieleze jinsi jaji wa rufani anavyofika kwenye mahakama ya shirikisho, yaani ya nchi nzima na si ya jimbo moja, nchini Marekani. Utaratibu wenyewe ni mfupi: Rais anateua, Kamati ya Sheria ya Seneti inahoji, Seneti inapiga kura. Akipita, kiti ni chake maisha, mradi mwenendo wake uwe mwema. Hapa Tanzania Rais akishashauriana na Jaji Mkuu, Jaji wa Rufani anaapishwa bila kusimama mbele ya Bunge. Kule mahojiano ndiyo mtihani wenyewe.

Ila utaratibu hausemi mtu huyo katokea wapi. Ndiyo maana nimemchagua O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Alimaliza sheria Stanford mwaka 1952, miongoni mwa waliofaulu vizuri sana. Makampuni ya mawakili California hayakumtaka, kwa sababu ni mwanamke. Moja lilimwambia labda apewe ukatibu, kama anajua kupiga taipu. Akaenda kwa mwanasheria wa kaunti ya San Mateo, akasema yuko tayari kufanya kazi bila mshahara, na kama ofisi haina nafasi basi meza yake iwekwe chumba kimoja na katibu. Wakamkubalia. Ninyi mnaonung'unikia posho ya mafunzo kwa vitendo, nawaona mnavyocheka.

Yaliyofuata nayapitia haraka: Ujerumani na mumewe aliyekuwa jeshini, ofisi ndogo ya uwakili Phoenix, miaka kama mitano nyumbani akilea watoto, kisha ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Arizona. Mwaka 1969 akaingia Seneti ya jimbo, na 1973 akawa kiongozi wa maseneta wa chama chenye viti vingi, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo katika jimbo lolote. Mwaka uliofuata akagombea ujaji wa kaunti ya Maricopa, maana wakati ule ujaji huo uliombewa kura, akashinda. Mwaka 1979 Gavana Bruce Babbitt, Mdemokrati, akampandisha yeye Mrepublican hadi Mahakama ya Rufani ya jimbo.

Hapo ndipo pa kutulia. Rufani ya Arizona ni mahakama ya kati. Juu yake ipo Mahakama ya Juu ya jimbo. O'Connor alikaa pale chini ya miaka miwili, na hakuwahi kuwa jaji wa shirikisho hata siku moja. Lakini Julai 1981 Rais Ronald Reagan akamteua moja kwa moja kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani. Katika kampeni alikuwa ameahidi kumteua mwanamke, na orodha ya majaji wanawake ilikuwa fupi kwa sababu ya milango ileile iliyofungwa mwaka 1952.

Mahojiano yakarushwa kwenye televisheni, mara ya kwanza kwa uteuzi wa mahakama hiyo. Wapinzani wa utoaji mimba walimbana kwa kura alizopiga akiwa seneta wa Arizona. Hata hivyo akapita kwa kura 99 kwa sifuri.

Alipostaafu mwaka 2006 na Samuel Alito kushika nafasi yake, majaji wote tisa walikuwa wametoka rufani za shirikisho, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuketi bungeni. Elena Kagan alipokuja 2010 hakuwa amewahi kuwa jaji kabisa, lakini mbunge pia hakuwa. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara. Aliyewahi kutunga sheria anajua kifungu kinavyozaliwa kwa kuvutana na kuachiana. Mwaka 1992, katika kesi ya Casey, O'Connor pamoja na majaji wenzake Kennedy na Souter waliandika uamuzi wa kati na kati: haki ya kutoa mimba ibaki, majimbo nayo yapate nafasi ya kuiwekea masharti. Uamuzi huo ulidumu miaka 30, ukafutwa mwaka 2022 yeye akiwa bado hai.

Karibuni kwa maswali, tuanze na waliosimama.