Waliosimama Nje ya Kambi
(Mhadhara kwa walezi wa skauti, Mombasa)

Walezi wenzangu, makamishna, na nyinyi vijana wa Jasiri, kundi letu la wakubwa, mliokaa kule nyuma, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Pale mlangoni wengi wenu nimewapa mkono wa kushoto, kama ilivyo ada yetu. Nianze na mkono huo. Mimi ni mtoto wa Pwani, na kwetu kumpa mtu mzima mkono wa kushoto ni kukosa adabu. Niliporudi kutoka mafunzo yangu ya kwanza nikamnyooshea bibi huo wa kushoto, akaurudisha wake nyuma na kunitazama mpaka nikaona haya. Nikamweleza ninavyosimuliwa: kwamba Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliipata salamu hii kwa Waashanti wa Ghana ya leo, na kwamba mkono wa kushoto ndio unaoshika ngao, kwa hiyo ukiutoa umekwisha kuiweka ngao chini. Bibi akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Basi kwa wenzio sawa. Kwangu lete wa kulia." Ndivyo nilivyofanya mpaka siku alipotutoka.

Nalisema hili kwa sababu kila tunapozungumza kuhusu mabadiliko ya kuwapokea walioachwa nje, husimama mlezi akasema, "Hiyo si mila ya skauti." Mimi humuuliza: mila ya mwaka gani?

Kambi ya kwanza, kisiwani Brownsea, Agosti 1907, ilikuwa na wavulana kama 20. Watoto wa matajiri walilala pamoja na watoto wa vibarua, na kwa Uingereza ya wakati ule hilo lilikuwa jambo zito. Sheria ya nne ya skauti, ya mwaka 1908, ikasema skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine bila kujali tabaka lake. Nchi na dini zilikuja kutajwa baadaye. Wasichana hawakutajwa kabisa.

Wao wakaja wenyewe. Septemba 1909, skauti zaidi ya 10,000 walipokusanyika Crystal Palace, London, mwanzilishi aliwakuta wasichana wamesimama miongoni mwao na kofia zao, wakijiita skauti. Hakuna aliyewaalika. Mwaka uliofuata wakaundiwa chama chao, Girl Guides. Kwa muda mrefu hilo likahesabiwa kuwa jibu la kutosha. Uingereza iliwaingiza wasichana katika kundi la vijana wakubwa mwaka 1976, na ni 2007 tu makundi yote yalipotakiwa kuwapokea. Marekani walisubiri hadi 2019 wasichana kuingia katika kundi la rika la miaka 11 hadi 17, na Februari 2025 chama kikaliacha jina la Boy Scouts kikawa Scouting America. Sisemi chama cha wasichana peke yao hakina kazi. Kina kazi kubwa, na binti anayekitaka asivutwe kutoka huko. Ninachosema ni kwamba achague yeye.

Kuna sura nyingine inayoniuma zaidi. Afrika Kusini, watoto Waafrika walikataliwa kuitwa skauti. Waliundiwa kundi la pembeni, Pathfinders. Baden-Powell mwenyewe alikwenda huko mwaka 1936, na mapatano yaliyofikiwa yaliwagawa watoto kwa rangi: Wazungu kwao, Waafrika kwao, machotara kwao, Wahindi kwao. Sheria ya nne ilikuwapo. Ikasomwa, ikakaririwa, na watoto wakabaki wametengwa hadi vyama hivyo vilipoungana mwaka 1977. Tunapokwenda Nyeri mwezi Februari kulizuru kaburi la mwanzilishi, tunaimba kwa heshima, na mimi huimba. Lakini vijana wetu wana haki ya kuambiwa na hilo pia.

Sisi Kenya tumebadilisha mengi bila kelele. Watoto wadogo zamani waliitwa Wolf Cubs, yaani watoto wa mbwamwitu wa Ulaya, mnyama ambaye hata hayupo katika misitu yetu. Leo ni Sungura, na mtoto yeyote aliyesimuliwa hadithi na bibi yake anajua Sungura ni nani: mdogo, dhaifu, na ndiye anayemshinda fisi. Kisha, kadiri umri unavyopanda, Chipukizi, Mwamba, Jasiri. Sijamsikia mtu akilia kwamba mila imekufa.

Sasa niwaambie nilipokosea mimi. Kambi moja tulikuwa na kijana kiziwi. Nilijivuna moyoni kwamba tumempokea. Jioni nikapuliza filimbi ya kukusanyika, wote wakakimbilia mlingotini, wakapanga mistari. Yeye alikuwa ameketi nyuma ya hema akikausha viatu. Tulipomaliza kuteremsha bendera akatokea, akaona mistari inavunjika, akasimama pale na skafu yake imefungwa vizuri kuliko ya mtu yeyote. Hakulalamika. Alirudi kwenye viatu vyake. Nilimwandikisha kambini, lakini kambi yenyewe nilikuwa nimeipanga kwa ajili ya masikio.

Usiku ule nilikumbuka kitu ambacho wazee wetu walikifundisha na sisi tukakiacha: ishara za mikono. Skauti wa mwanzo waliongozwa kimyakimya, mkono juu, mkono ukizungushwa, ngumi ikifungwa. Na bendera mbili zilipeleka ujumbe kutoka kilima hadi kilima. Asubuhi nikamwomba yule kijana atufundishe alama zake za "njoo", "maji", "hatari", "kusanyikeni", tukazichanganya na za kwetu. Kufikia siku ya tatu kambi nzima ilikuwa ikiongozwa kwa mikono, na aliyekuwa akikusanya watu mlingotini ni yeye.

Baada ya chai tutatoka uwanjani kujifunza ishara hizo, na tutafundishwa na kijana mwingine asiyesikia, yule pale dirishani. Filimbi zenu ziacheni hapa mezani.