Redio Sutatenza: Padre, Wati 90 na Wakulima wa Kolombia

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Niko na Kaka Baraka, ambaye wiki nzima ananiimbia kijiji kimoja cha Kolombia.

BARAKA: Sutatenza, dada! Kiko milimani, jimbo la Boyacá. Mwaka 1947 alifika pale padre kijana, José Joaquín Salcedo. Waumini wake ni wakulima, wengi hawajui kusoma, na nyumba zao zimetawanyika huko mabondeni. Akafunga mtambo wa redio wa wati 90.

ZUHURA: Wati 90? Si balbu hiyo!

BARAKA: Ndiyo hiyohiyo. Baadaye mitambo ilikua mpaka ikasikika karibu nchi nzima, ila mimi mtambo haunishangazi. Kinachonishangaza ni yule jirani.

ZUHURA: Jirani yupi tena?

BARAKA: Padre alijua redio peke yake haiwezi kumfundisha mtu kushika kalamu. Kwa hiyo familia na majirani walikusanyika nyumba moja, wana redio ya betri, ubao na chaki. Mwalimu anasema redioni, "Andikeni herufi A." Sasa nani atamwonyesha mzee inavyoandikwa? Jirani aliyebahatika kusoma kidogo. Huyo ndiye shule.

ZUHURA: Bila malipo?

BARAKA: Anajitolea. Na redio zenyewe zilifungiwa stesheni hiyo moja.

ZUHURA: Hapo sasa sipapendi. Unanifundisha kusoma halafu unanichagulia cha kusikiliza?

BARAKA: Una haki. Ilikuwa redio ya Kanisa, enzi za kuogopa ukomunisti, na walengwa walikuwa wakulima. Lakini watu hawakukaa kimya. Waliandika barua! Barua zilizopita kati ya wasikilizaji na stesheni zilizidi milioni moja. Mtu anauliza habari za mbegu, mwingine za mtoto mgonjwa. Na ofisini walikuwepo watu wa kuzijibu.

ZUHURA: Eeh, hilo redio zetu za leo zijifunze. Ukituma ujumbe unasomwa jina tu.

BARAKA: Mwaka 1958 wakaongeza gazeti, *El Campesino*, maana ukishamfundisha mtu kusoma lazima umpe cha kusoma.

ZUHURA: Halafu nini kikaiua redio yenyewe?

BARAKA: Madeni, na redio za biashara zenye muziki mchangamfu kuliko somo la mbolea. Kisha Salcedo akagombana na maaskofu. Redio ilihimiza wazazi wazae watoto wanaoweza kuwalea, nawe unajua Kanisa na uzazi wa mpango.

ZUHURA: Padre huyohuyo!

BARAKA: Huyohuyo. Mwaka 1989 stesheni ikauzwa kwa Caracol, kampuni kubwa ya redio. Kanda na barua sasa ziko Bogotá, Maktaba ya Luis Ángel Arango.

ZUHURA: Ningepewa siku moja humo, ningeziacha kanda. Ningesoma barua za akina mama.

BARAKA: Na mimi ningetafuta za wale majirani wa ubao. Haya, tupumzike kidogo, tukirudi tunapokea simu zenu.